Rota nne kwa vipuri vya 13B: kazi yote iko katikati

Kuna namba tatu za kuweka kichwani kabla hujanunua hata boliti moja: 43, 60 na 74. Zote ni milimita, na zote zimo ndani ya 13B, injini ya Mazda ya rota mbili, ambayo badala ya pistoni ina rota za pembetatu zinazozunguka. 43 ni kipenyo cha shingo ya shafti, pale inapokaa kwenye beringi kuu. 60 ni kipenyo cha gia tuli, ile isiyozunguka, pale meno yake yanapoumana na gia ya rota. 74 ni kipenyo cha lobu, ule mviringo uliosogezwa milimita 15 kutoka kitovu cha shafti, ambao rota huvishwa juu yake. Injini ya rota mbili haisumbui: gia tuli moja inaingia kwa mbele, ya pili inaingia kwa nyuma, na hakuna inayolazimika kuvuka lobu. Ukiongeza rota ya tatu, gia yake lazima ikae katikati ya injini, na katikati hakuna mlango. Tundu la 43 halipiti juu ya lobu ya 74.

Ndiyo maana mtu anayesema ataunga 13B mbili, moja nyuma ya nyingine, bado hajaanza kupiga hesabu. Hauzingi za rota, yaani maganda yanayozizunguka, zinaungika, na rota zenyewe hazina neno. Shida iko kwenye shafti, gia tuli za katikati, na pleti, zile kuta za kati ya hauzingi, zinazozibeba. Injini nyingi za aina hii tulizofungua baada ya kufa mapema zilianza kuumwa katikati, hata pale ambapo kilichovunjika kilikuwa sili ya rota ya mwisho kabisa.

Mazda nao walikutana na ukuta huohuo. 20B ya Eunos Cosmo, gari lililoanza kuuzwa 1990, ina rota tatu na ujazo wa cc 1,962, na shafti yake ni vipande viwili vilivyoshikanishwa kwa koni. R26B ya rota nne ndiyo iliyolipa gari la mbio la Mazda 787B ushindi wa Le Mans Juni 1991, ikitoa takriban nguvu farasi 700 kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika. R26B huipati dukani, na 20B sasa ni adimu na bei yake inatisha. 13B bado zipo. Kwa hiyo hapa tunazungumzia rota nne zinazojengwa kwa hauzingi, rota na pleti za 13B, pamoja na shafti na pleti za kati zilizotengenezwa upya.

Ujazo ni hesabu nyepesi. Zidisha mara tatu ya kipeuo cha pili cha 3 kwa milimita 15 za lobu, kwa 105 za kutoka kitovu cha rota hadi ncha, kwa 80 za upana wa hauzingi: unapata cc 654 kwa chumba kimoja. Mara nne ni kama lita 2.6. 10A na 12A, injini nyingine za rota za Mazda, zina 15 na 105 zilezile, kilichobadilika ni upana tu, 60 na 70. Hii inasaidia kuelewa kwa nini baadhi ya vipuri vinaingiliana na vingine haviingiliani.

Kuhusu gari la kutoa vipuri. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam huenda RX-8 ndiyo Mazda ya rota pekee aliyowahi kufungua boneti yake. Injini yake, Renesis, hutoa moshi kupitia pleti za ubavuni, ilhali 13B za zamani hutoa moshi kupitia hauzingi yenyewe. Usichanganye pleti za Renesis na hauzingi za FC au FD, matoleo mawili ya RX-7, ukidhani zote ni 13B. Rota za RX-8 ni nyepesi na zina mgandamizo wa 10.0 kwa 1. Za FD ni 9.0 kwa 1. Kwa injini ya turbo tunapendelea za FD. Kubwa zaidi ya yote, rota zote nne ziwe za aina moja. Mazda waliziwekea herufi za uzito, A hadi E. Tafuta nne za herufi moja, au zinazopakana, na hata hivyo zipime mwenyewe kwenye mizani.

Sasa shafti, na hapa tutakaa.

Njia za kuipitisha gia katikati ni mbili. Ya kwanza ni kukata gia tuli na beringi yake nusu kwa nusu, kisha kuzifunga zikiikumbatia shafti nzima isiyo na kiungo. Shafti inabaki imara, lakini hebu tazama nyama iliyopo. Meno yanaumana kwenye 60, chini ya meno unabaki na pungufu ya hapo, na ndani yake unatakiwa upate tundu la 43 pamoja na unene wa gamba la beringi. Ukuta unaobaki ni mwembamba, na wewe unataka kuukata na kuutoboa uingize boliti. Inawezekana kwa mkerezaji hodari na chuma kizuri. Kwa karakana ya kawaida hatuishauri. Namba hizohizo ndizo zinazokukatalia kunenepesha shingo ya shafti ili iwe ngumu zaidi: kila milimita unayoipa shafti unaipokonya gia.

Njia ya pili ni shafti ya vipande. Kipande chenye lobu kinavishwa kwenye koni ya kipande kinachofuata, kabari inashika pembe, boliti ndefu inavuta vyote pamoja. Unaipanga injini kuanzia chini: rota, pleti yenye gia na beringi ikishuka juu ya shingo ya 43, kisha ndipo kipande cha lobu inayofuata kinaingia. Hii ndiyo njia tunayoitumia, na karibu masomo yote yaliyotugharimu fedha yanatoka kwenye koni hizo.

Koni ndiyo inayobeba nguvu. Kabari kazi yake ni kuelekeza pembe tu. Ukiiona kabari ina alama ya kubanwa upande mmoja, ujue koni ilishateleza. Kabla ya kukubali shafti kutoka kwa aliyeitengeneza, paka koni dume rangi ya bluu ya kuonyeshea mguso, safu nyembamba kama pumzi kwenye kioo, ingiza bila kuzungusha, gonga kidogo, toa. Tunataka mguso usiopungua asilimia 80, na kama utakosekana mahali, basi ukosekane upande mwembamba wa koni, kamwe usikosekane upande mnene. Mguso wa mstari mmoja tu mdomoni ni shafti ya kurudisha. Usijaribu kuitibu kwa unga wa kusagia: unga unachimba kijingazi, na koni inakaa juu ya kijingazi hicho badala ya kukaa juu ya uso wake.

Koni hufungwa kavu. Safisha pande zote mbili kwa kiyeyushi, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, usiguse kwa vidole. Oili ipakwe kwenye nyuzi za boliti na chini ya kichwa chake peke yake. Fundi mzoefu wa injini za pistoni atataka kupaka oili kila mahali kwa mazoea, na hapo ndipo anapoponza kazi. Koni yenye oili inahisi imekaza, kumbe ni boliti tu iliyofika kipimo.

Kisha shafti nzima ilazwe kwenye vipande viwili vya V, shingo ya mbele na ya nyuma, na geji ya mshale iguse kila shingo ya katikati. Hatukubali mtetemo unaozidi 0.03 mm. Soma, andika, fungua koni zote, safisha, funga tena, soma upya. Rudia mara tatu. Namba zikibaki palepale, koni inajua nyumbani kwake. Zikihama kila unapofunga, shafti hiyo haina makao, na injini itakuwa na makao mabaya zaidi. Zoezi hili linachukua siku nzima na hakuna lililowahi kutuokoa kuliko hili.

Kumbuka pia kwamba viungo havibebi mzigo sawa. Kiungo cha mbele kinapitisha nguvu ya rota moja. Kilicho karibu na flaiwili kinapitisha nguvu ya rota zote zilizo mbele yake, tena kwa mapigo. Kama shafti yako ina viungo viwili na aliyeichora amevipa ukubwa mmoja, muulize amekisia nini kuhusu kile cha nyuma. Dalili ya kwanza ya koni inayocheza ni vumbi la kahawia nyekundu, kama kutu laini, linalotoka kwenye mdomo wa kiungo. Si kutu ya maji. Ni chuma kinachosuguana na chuma. Ukiliona, koni hizo hazirudi tena kwenye injini.

Gia tuli za katikati zina mtego wake. Gia tuli ina meno 34, ya rota ina 51, na ndiyo inayoifanya rota izunguke mara moja kila shafti inapozunguka mara tatu. Zile za mbele na nyuma hukaa kwenye matundu ya kiwandani, kwa hiyo pembe yake hujiulizi. Za katikati zinakaa kwenye pleti uliyoichonga wewe. Gia ikifungwa imepinda pembe kwa digrii 1, rota inapinda theluthi mbili ya digrii, na ncha yake, iliyo milimita 105 kutoka kitovu, inahama zaidi ya milimita 1.2. Hiyo inatosha kabisa kugongesha ncha kwenye ukuta wa hauzingi. Kwa kosa la digrii 0.1 ncha inahama kama 0.12 mm: injini inazunguka, haigongi, lakini sili za rota hiyo zinakaa vibaya kwenye mfereji na compression yake iko chini siku zote bila sababu inayoonekana. Toboa matundu ya gia baada ya kuilinganisha na pini za kulenga za pleti, si kabla.

Kosa la jino zima ni rahisi kuligundua: rota haikubali kushuka ndani ya hauzingi. Usiisukume. Inyanyue, izungushe jino moja, jaribu tena.

Pleti za kati lazima matundu ya beringi yake yawe kwenye mstari mmoja na ya mbele na ya nyuma. Panga injini nzima bila rota, pini za kulenga zikiwa ndani, kaza boliti zote kwa kipimo cha mwisho, kisha pitisha fimbo iliyokerezwa kwa usahihi kupitia matundu yote. Ikikwama kwenye pleti moja, hiyo pleti au pini zake zina kasoro. Usiseme beringi itajizoeza. Nafasi ya oili kati ya shingo na beringi ni 0.04 hadi 0.08 mm, kosa la mstari linaila hiyo nafasi yote upande mmoja.

Boliti ndefu zinazobana injini ya rota mbili ni 18, na kiwanda kilizikaza kati ya 32 na 39 Nm. Kwa rota nne zinakuwa ndefu karibu maradufu, na boliti ndefu hujinyonga kabla haijavuta. Spana ya toki inalia, fundi anaridhika, na mvuto halisi haujafika. Paka oili nyuzi na washa, kaza kwa hatua tatu kutoka katikati kwenda nje, piga alama ya kalamu kwenye kila kichwa, kisha urudi na kuangalia kama alama zote zimezunguka pembe sawa. Yenye tofauti kubwa itoe, isafishe, anza nayo upya. Tunatumia boliti nene zaidi ya za kiwanda, na baadhi zinakaa kwa kubana kwenye matundu ya pleti ili zisaidie zile pini mbili za asili za kulenga. Bila hivyo, nguvu kubwa inasukuma hauzingi na pleti ziteleze moja juu ya nyingine kwa nywele chache, na sili za maji ndizo zinazolipa.

Joto nalo. Hauzingi nne za alumini ni milimita 320. Zikipata moto kutoka digrii 20 hadi 100 zinarefuka karibu 0.28 mm kuliko boliti za chuma zinazozibana. Maana yake injini ikiwa ya moto boliti zimevutika zaidi, ikipoa zinalegea kurudi. Usikaze wala kukagua boliti injini ikiwa na joto. Na kwa kuwa beringi za kuzuia shafti isisogee mbele na nyuma ziko mbele peke yake, tofauti hiyo yote inajikusanya nyuma. Mchezo wa shafti wa 0.04 hadi 0.07 mm unaoupima mbele ni sahihi. Ila hakikisha lobu ya rota ya nne ina nafasi ya kusogea bila bega lake kugusa kitu.

Kusawazisha. Rota moja ina uzito wa karibu kilo 4.3 na kitovu chake kinazunguka milimita 15 kutoka kitovu cha shafti. Kwenye mizunguko 9,000 inavuta kwa nguvu ya karibu tani 6. Nne zilizopangwa kwa digrii 90 zinafutana kwa jumla, lakini hazifutani mahali pamoja: ya mbele inavuta huku, ya nyuma inavuta kule, na injini nzima inataka kuyumba kama mtumbwi. Uzito wa kusawazisha wa mbele na nyuma ndio unaozuia hilo, na ule wa 13B hautoshi wala hauko kwenye pembe sahihi. Mpe anayesawazisha uzito wa rota pamoja na beringi yake, sili zote na springi, na mkumbushe oili inayobaki ndani ya rota inapozunguka. Mpe pia mpangilio wa digrii za lobu kwa maandishi. Kuna shafti tuliyoona imesawazishwa vizuri kabisa, ila kwa mpangilio wa injini nyingine.

Oili ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya joto la rota, kwa hiyo usiifikirie kama kilainishi tu. Kwenye 13B inaingia kwenye shafti kupitia beringi za mbele na nyuma, inasafiri ndani ya shafti, inalisha beringi za rota na kurushwa ndani ya rota. Ukishakata shafti na kupitisha boliti katikati yake, njia hiyo imezibwa au imebanwa. Kila kipande kinahitaji mlango wake wa oili, kwa hiyo kila pleti ya kati yenye beringi inahitaji mrija wake kutoka kwenye bomba kuu la oili. Tunatumia bomba la nje lenye tawi kwa kila beringi, na kabla ya kufunga tunaingiza maji ya kiyeyushi kwa presha kwenye kila mlango wa shafti kuona yanatokea wapi. Tundu moja lililosahauliwa kutobolewa kwenye kiungo linaua beringi ya rota ya tatu ndani ya dakika chache.

Pampu ya 13B haiwezi kulisha yote haya. Pampu ya nje yenye hatua nne, moja ya kusukuma na tatu za kunyonya, na tangi la pembeni, ndiyo suluhisho linalotulia. Karai la oili la injini ndefu hivi ukiligeuza kuwa tangi, gari likiondoka kwa kasi oili yote inakimbilia nyuma na mnyonyo wa mbele unavuta hewa. Presha tunaiweka kati ya psi 90 na 110 injini ikiwa ya moto na inavuta. Joto la oili tunalitaka chini ya digrii 110. Rejeta ya oili iwe kubwa kuliko unavyodhani, kisha ongeza.

Maji yana hila moja. Kwenye 13B yanaingia mbele, yanapita upande wa plagi hadi nyuma, yanageuka na kurudi upande wa kuvutia hewa. Kwa rota mbili safari ni fupi. Kwa rota nne, maji yanafika kwenye rota ya nne yakiwa yameshapashwa na tatu za mwanzo, na upande wa plagi ndio upande wa moto. Rota ya nne inapika, sili za mpira zinapoteza uhai, moshi mweupe unaanza, na lawama zinaangukia ubora wa sili. Leta maji kwa milango kadhaa: tunayaingiza kwenye kila pleti ya kati upande wa plagi, kupitia bomba moja la ugavi, na mdomo wa kila mlango tunaubana kidogo kadiri unavyokaribia pampu ili wa mwisho usipunjwe. Weka kipima joto kwenye kila pleti, si kimoja mdomoni.

Sili zenyewe nitazipitia haraka, kwa sababu hapa rota nne hazina tofauti na mbili ila wingi. Rota moja ina sili 3 za ncha, 6 za kona, 6 za ubavu na ringi 4 za oili. Kwa nne ni 12, 24, 24 na 16. Nafasi ya sili ya ncha ndani ya mfereji ikizidi 0.15 mm rota imechoka. Sili ya ubavu inasagwa kwa mkono hadi pengo kati yake na sili ya kona liwe 0.05 hadi 0.15 mm, kila moja ina mahali pake na hairuhusiwi kuhama baada ya kusagwa, kwa hiyo tengeneza visanduku vilivyoandikwa namba kabla hujaanza. Pleti iliyopinda zaidi ya 0.04 mm ikasagwe. Hauzingi ambayo krome yake imebanduka karibu na mlango wa moshi usiiweke katikati ya injini kwa matumaini. Kuitoa katikati ya rota nne ni kuifungua injini yote.

Msingi wa kupanga ni pleti ya mbele chini, shafti ikisimama. Kwenye 13B ya kawaida shafti hunyanyuliwa kama milimita 25 ili pleti ya kati ipite. Kwenye hii unafika kwenye kiungo, unasimamisha kazi, unafunga koni kwa kipimo, na unapima tena mtetemo wa shingo iliyo juu kabla ya kuendelea. Zungusha shafti kwa mkono kila baada ya rota. Uzito uongezeke kidogo kidogo na uwe sawa. Ukihisi mahali pamoja pagumu kila baada ya mizunguko mitatu, ni rota. Kila mzunguko mmoja, ni shafti au beringi. Kanuni hii imetuonyesha kosa mara nyingi kabla hatujaongeza rota nyingine juu yake.

Umeme una unafuu wake. Kila rota inawasha mara moja kwa kila mzunguko wa shafti, kwa hiyo kompyuta ya injini haihitaji kihisi cha pili cha kuitambulisha mzunguko upi ni upi. Gurudumu moja lenye meno na pengo kwenye shafti linatosha. Plagi ni mbili kwa rota, jumla 8, koili 8. Mfuatano wa kuwasha unatokana na jinsi shafti ilivyokatwa, usiuchukue kwa mtu. Funga sahani ya digrii mbele ya shafti na upime lobu moja moja. Kwenye turbo, anza na muda wa kuwasha uliorudishwa nyuma na mchanganyiko wenye petroli nyingi, kwa sababu injini hii haina msamaha wa kugonga. Pistoni huvumilia kugonga mara kadhaa. Sili ya ncha hupasuka, kipande kinachana hauzingi, kinatoka na moshi na kuingia kwenye turbo, vyote ndani ya sekunde moja.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, toa plagi, zima petroli, zungusha kwa stata hadi presha ya oili isimame kwenye geji. Changanya oili ya injini za mizunguko miwili kwenye petroli, mililita 10 kwa lita, hata kama una pampu ya kupulizia oili. Ikishawaka, iache ipate joto huku ukiangalia vipima joto vya pleti zote. Tofauti ya zaidi ya digrii 10 kati ya ya mbele na ya nyuma inamaanisha maji hayajagawanywa sawa. Zima, rekebisha, usisubiri.

Compression ipimwe injini ikiwa ya moto. Geji ya pistoni yenye vali inakuonyesha chumba kimoja bora tu na kuficha viwili. Toa vali yake na utazame mshale: unataka mapigo matatu yanayolingana kwa kila rota. Kipimo cha kielektroniki cha rota kinasoma yote matatu. Kwenye mizunguko 250, kPa 690 kwenda juu ni afya, na tofauti kati ya vyumba isizidi 150. Injini mpya husoma chini kidogo hadi sili zikae.

Baada ya kilomita 500 za mwanzo, zilizoendeshwa chini ya mizunguko 4,500, toa filta ya oili, ikate kwa mkasi wa bati na ukunjue karatasi yake mwangani. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida kwa ringi na beringi mpya. Vipande vinavyong'aa rangi ya shaba ni tabaka la chini la beringi, kwa hiyo beringi moja imeshapoteza ngozi yake. Vumbi jekundu la kahawia umeshaambiwa ni nini. Ukikuta mojawapo ya haya mawili ya mwisho, usianze kutafuta mbele wala nyuma. Anza na pleti ya kati iliyo karibu na flaiwili.